Umeokoka lakini bado una hasira, ulimi na madeni: tunaishije imani kati ya Jumatatu na Jumamosi?

#1 Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na salamu kwa wadau wote, hata wasio wa imani hii.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya Mkristo anayempenda Mungu kweli, ila anajijua. Jumapili aliimba kwaya, Jumatatu asubuhi akamfokea dada wa kazi kwa ajili ya chai. Ana deni kwa mangi, sasa anapita uchochoro wa nyuma ili wasionane. Kazini alisaini posho ya siku ambazo hakusafiri. Mtu wa namna hii mara nyingi huishia kujificha, akaongeza sauti ya "haleluya" kanisani ili asishtukiwe. Au anakata tamaa, anasema wokovu una wenyewe, anaacha hata kusali na watoto usiku.

Mimi nimelelewa Kagera, kanisa la Kilutheri, katikati ya wazee wa Uamsho. Wale wazee walikuwa na upungufu mwingi na wala hawakuuficha. Nilichokiona kwao ndicho ninachotaka tukijadili, kwa sababu naona kinapotea, na kinapotea wakati tunakihitaji sana.

Kwa wasioijua historia. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alitoka Gahini, kituo cha misheni mashariki mwa Rwanda kando ya Ziwa Muhazi. Alikuwa amechoka mwili na roho. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga nchi. Huko Kampala, kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa wakisoma Maandiko na kuomba pamoja, Mzungu na Mwafrika, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba amepungukiwa na anamhitaji Mungu. Kwa mwaka 1929, chini ya ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo. Church akarudi Gahini, na mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi, watu wakaanza kusimama na kutaja dhambi zao. Si kwa jumla jumla. Mtu alitaja kitu alichoiba na akakirudisha kwa mwenyewe. Wamisionari nao wakaanza kuwaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao. Miaka ya 1930 haijaisha, Uamsho ulikuwa umefika Kigezi (kusini-magharibi mwa Uganda), Kenya na kwetu Buhaya. Ndiyo asili ya jina walokole, yaani waliookoka, na ndiyo maana hata leo wazee wetu, Wahaya, Wakikuyu, Wagogo, huimba "Tukutendereza Yesu" (Tunakusifu Yesu) kwa Kiganda.

Sasa, wazee hawa walikuwa na kitu walichokiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Walikutana kila wiki, nyumbani kwa mtu au kwenye chumba cha kanisa, na kabla ya neno watu walisema wiki ilivyokwenda. Mzee mmoja mwenye heshima zake, mwenye ng'ombe na migomba, angesimama na kusema: "Jumanne nilimsengenya ndugu fulani kwenye msiba. Jumatano nimekwenda kwake, nimemwambia, amenisamehe. Damu ya Yesu imenisafisha." Wanaimba. Anakaa. Anafuata mwingine.

Angalieni siku. Kosa Jumanne, Jumatano amekwishakwenda kwa aliyemkosea, na ushirika unakutana baadaye. Ushirika haukuwa mahali pa kufichua mambo mapya ili watu washangae. Mtu alikuja kusimulia alichokwisha kukitengeneza. Neno lao ndilo hilo, kutengeneza. Ulitengeneza na mke, na jirani, na mwajiri, na mtoto.

Nionavyo mimi, tofauti ya mtu anayeishi imani na yule anayeigiza haipimwi kwa idadi ya makosa. Ipo katika muda unaopita kati ya kosa na kutengeneza. Mwenye hasira anaweza kubaki na tabia hiyo miaka, na ikapungua polepole sana, lakini kama zamani alinuna wiki mbili na siku hizi anaomba radhi kabla ya kulala, Roho wa Mungu anafanya kazi ndani yake. Paulo anapowaambia Waefeso jua lisizame wakiwa bado na uchungu (4:26), anajua hasira itakuja. Anaiwekea saa ya kuisha.

Tatizo letu leo tunasubiri. Tunasubiri mkesha, semina ya neno la Mungu, mtumishi kutoka Dar, mfungo wa mwezi wa kwanza. Mtu anabeba kosa la Machi mpaka Desemba, kisha analia madhabahuni, na yule aliyedhulumiwa hana hata habari. Yesu katika Mathayo 5:23-24 ameweka mpangilio: ukiwa na sadaka mkononi na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda kwanza ukapatane naye. Zakayo (Luka 19) alipopata wokovu alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Wazee wetu Walutheri wangeongeza kwamba hili si geni hata kidogo. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Martin Luther, mwaka 1517, inasema maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Na kila aliyepita kipaimara amefundishwa katika Katekisimo Ndogo ya Luther kwamba Adamu wa kale ndani yetu, yaani ule utu wetu wa dhambi, anazamishwa kila siku. Kila siku, maana haendi mara moja.

Jambo jingine ni namna ya kusema. "Kama kuna mahali nimekukwaza, unisamehe" si toba, ni salamu. Sema kosa kwa jina lake: "Jana nilikuita mjinga mbele ya wageni. Nilikosea." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Ukishaongeza hiyo "lakini", umerudi kwenye ugomvi.

Nimalizie na Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kwa sababu Dodoma wapo wazee wanaomkumbuka. Alifundisha sekondari pale enzi za Tanganyika. Alikuwa akisimulia kwamba alipookoka aliendesha baiskeli maili zipatazo 50 kwenda kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, akamwambia wazi kwamba alimchukia na sasa anaomba radhi. Alisimulia pia siku aliyogombana na mkewe Mera, akawa anatoka kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Bwana akimwambia arudi akatengeneze na mkewe kwanza. Akajitetea kwamba watu wanamsubiri. Jibu likaja: haya, wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki hapa na mkeo. Akarudi ndani.

Halafu ikaja 1977. Februari 16 Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na siku chache baadaye Kivengere na Mera wakakimbia usiku, wakivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Miezi haikupita mingi, Ijumaa Kuu, akiwa London katika ibada, aliposikia lile ombi la msalabani la "uwasamehe", akagundua moyo wake umejaa uchungu juu ya Amin. Huyu ni askofu, mhubiri anayejulikana dunia nzima, ameokoka tangu ujanani, na bado kuna kitu kipya ndani yake cha kutubu. Akatubu, akasema hadharani kwamba amemsamehe.

Karibuni tuchangie. Kila mmoja aseme lake, anaishije imani yake akiwa na upungufu alionao.

#2 Mdau

Mkuu umeandika vizuri, ila mimi nina swali zito. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Ananipiga. Akishanipiga anapiga magoti, analia, anaomba radhi kwa kutaja kosa kama ulivyosema hapo. Kesho yake ananiambia hakuna mkamilifu, hata Daudi alianguka. Baada ya muda anarudia. Kwa hesabu yako ya "muda kati ya kosa na kutengeneza", mume wangu ni mtakatifu maana anatubu usiku uleule.

#3 Mleta uzi

Dada yangu, pole sana. Swali lako limenionyesha upungufu wa nilivyoiweka hoja, na nitaijibu bila kuzunguka.

Anachofanya huyo si toba. Ni sehemu ya kipigo chenyewe, maana machozi yake ndiyo yanayokubakiza karibu mpaka kipigo kinachofuata. Zakayo hakulia peke yake, alirudisha. Kwa mtu anayepiga, kurudisha ni kukubali mambo yanayomgharimu: kuachia uzee wa kanisa, kukaa mbali na wewe kwa muda utakaotaka wewe, kujibu mbele ya sheria. Akikataa hayo huku analia, basi anachotaka ni msamaha wa kumpa nafasi tena.

Na Daudi asimtaje. Zaburi 51 iliandikwa baada ya nabii Nathani kumkabili uso kwa uso, na maisha yake yote yaliyobaki aliishi na matokeo ya alichofanya. Hakusamehewa ili aendelee.

Nenda mahali salama kwanza, kwa ndugu zako au kwa mtu unayemwamini. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, kazi yao ni hii. Kama mchungaji wako atakuambia uvumilie kwa maombi, tafuta mwingine. Kusamehe hakukulazimu kurudi kulala karibu na ngumi.

#4 Mdau

Nakazia #3. Dada usibaki hapo.

Mimi ni Mkatoliki, nichangie kidogo. Sisi tuna sakramenti ya kitubio, na padre haruhusiwi kabisa kutoa siri ya maungamo. Wengi tunaitumia vibaya, tunakwenda karibu na Pasaka tu kama wajibu. Bibi yangu alikuwa na desturi ya kutafakari siku yake kila usiku kabla ya sala ya mwisho: leo nilimshukuru Mungu wapi, leo nilimkosea nani. Dakika chache tu, kisha asubuhi akitoka anapitia kwa huyo mtu kabla ya shamba. Naona inafanana sana na hao wazee wako wa Uamsho, ila kwetu ya siri inabaki kwa padre.

#5 Mdau

Hapo kwenye siri ndipo penye tatizo langu. Niliwahi kufunguka kwenye kikundi cha maombi, jambo la ndani ya ndoa yangu. Haikupita wiki mtaa mzima unajua, na mwingine alinifikishia kwa njia ya "tukuombee mpendwa". Tangu siku hiyo mimi na Mungu wangu tu. Nuru yenu mbaki nayo.

#6 Mleta uzi

#5 ndugu yangu, ulitendewa vibaya na una haki ya kuumia. Waliochukua maungamo yako wakayapeleka mtaani walitenda dhambi, na wao ndio waliopaswa kusimama wiki iliyofuata kuungama.

Uamsho wenyewe ulikuwa na hatari hiyo, na siwezi kuupamba. Zilikuwepo nyakati ambapo kuungama hadharani kuligeuka kama mashindano, na wengine wakawa wepesi kuwahukumu waliokaa kimya, kana kwamba asiyetaja dhambi mbele za watu hajaokoka. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho, akiwemo William Nagenda ambaye baadaye akawa mhubiri mkubwa. Wengi waliwatetea na wengi waliwalaumu, lakini hata kati ya ndugu wenyewe wapo waliokiri kwamba bidii yao ilikuwa na kiburi ndani yake.

Wazee nilioishi nao walikuwa na kanuni, ingawa hawakuiandika popote. Kosa linatengenezwa na wale linalowahusu. Uliyemsengenya faraghani, mwendee faraghani. Jambo la chumbani halipelekwi kwenye kikundi cha watu 30, maana hapo unaungama na dhambi ya mwenzako ambaye hakukutuma. Na siku hizi kuna simu, ujumbe ukishaingia kwenye kundi la WhatsApp hauna mwenyewe tena. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane, haikusema tutangaziane. Mtu mmoja anatosha, mkomavu, aliyewahi kukuambia udhaifu wake mwenyewe. Asiyewahi kukuambia chake, subiri kumpa chako.

"Mimi na Mungu wangu tu" naielewa, ila naiogopa. Kwa wengi niliowaona, iliwafikisha kwenye kujisamehe haraka mno.

#7 Mdau

Mimi ni Mnyarwanda, naishi Mwanza. Mleta uzi umeitaja Gahini kwa sifa. Nchi ileile, 1994, watu waliobatizwa waliua watu waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa. Miaka 60 ya Tukutendereza ilifanya nini? Siulizi kwa kejeli. Nimepoteza watu.

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu, pole. Nimelisoma swali lako nikakaa nalo kabla ya kuandika, na sitakupa jibu la kukunyamazisha.

Nionavyo, dhambi zilizotajwa sana katika ushirika zilikuwa za mtu mmoja mmoja: wizi, pombe, uzinzi, ushirikina, ugomvi wa nyumbani. Chuki ya kikabila, ile iliyoandikwa hata kwenye vitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, wengi hawakuihesabu kuwa dhambi ya kutubiwa. Ilionekana ni siasa. Mtu aliweza kurudisha jembe aliloiba na bado akabaki na dharau juu ya jirani yake kwa sababu ya kabila. Kisichotajwa hakikutengenezwa.

Na ni kweli pia kwamba tangu machafuko ya mwaka 1959, na tena 1994, walikuwepo walokole waliokataa kutenganishwa na wenzao wa kabila jingine, wengine wakauawa kwa kukataa huko. Siwataji ili wafunike waliobaki. Nawataja kwa sababu kwao ushirika wa kutembea nuruni ulikuwa umefika mpaka kwenye kabila, na ikaonekana.

Hili linatuhusu na sisi huku. Tukikutana kuungama, nani anasema "niliwanyima kazi watu wa mkoa fulani"? Nani anataja namna anavyomlipa dada wa kazi? Tumezoea kutubu dhambi ambazo kila mtu amekubaliana ni dhambi. Kwa hiyo nakubaliana nawe kuliko unavyodhani.

#9 Mdau

Asante kwa kutonihubiria.

#10 Mdau

Wakuu, mimi ni kijana, nina miaka 27, naimba praise kanisani. Nabeti. Nilianza na mia tano, sasa nimefika kwenye ada ya mdogo wangu aliyoniachia mama. Nimetubu mara nyingi mpaka naona aibu kumwambia Mungu tena. Kila nikisimama kuimba najiona mwongo. Nifanyeje? Niache kuimba au?

#11 Mdau

Dogo acha kuimba kwanza, madhabahu si ya kuchezea.

#12 Mdau

#11 mkuu, ukimtoa kwaya na kanisa atalitoa. Mwacheni kijana aimbe.

#13 Mleta uzi

#10 mdogo wangu, ahsante kwa kusema. Umekwisha kufanya jambo gumu kuliko yote, ingawa umelifanya kwa watu wasiokujua sura.

Kwanza kuhusu aibu. Petro alimkana Bwana mara tatu, na baada ya kufufuka Yesu alimuuliza mara tatu kama anampenda (Yohana 21). Hakumuuliza kama atakana tena. Akampa kondoo wa kuwalisha siku ileile. Na bado Petro huyohuyo, miaka baadaye, akiwa mtume mkubwa, aliogopa watu pale Antiokia mpaka Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2). Mungu hakumchoka. Kwa hiyo omba tena usiku huu, hata kama ni maneno yaleyale ya jana.

Lakini kwa suala lako toba ya midomo haitoshi, kwa sababu fedha ile si yako. Mama yako hajui. Kila siku asiyoijua, wewe unabeti ili kuirudisha, na hiyo ndiyo kamba inayokuvuta. Mwambie. Taja kiasi kamili, usipunguze. Usimwambie kwa ujumbe wa simu, kaa naye chini. Atalia, labda atakutukana, na ana haki. Kisha mpangilie utakavyorudisha, hata kama ni elfu ishirini kila mwisho wa mwezi, na umkabidhi mtu mwingine mshahara wako ukiingia, mama mwenyewe au kaka yako, ubaki na nauli na chakula. Futa zile programu, na laini unayoibetia iache. Ukibaki na fedha na simu usiku peke yako utaanguka. Ukiwa na mtu wa kumpigia saa nne usiku, una nafasi ya kupona.

Kuhusu kuimba, #11 na #12 wote wana sehemu ya ukweli. Mwambie kiongozi wako wa kwaya, yeye peke yake, umwachie yeye aamue. Akikupumzisha kwa muda, kubali, ila Jumapili usikose, kaa benchi la kawaida na uimbe kutoka hapo.

#14 Mdau (#10)

Nimesoma. Mama yuko Singida, naweza kwenda mwisho wa wiki. Naogopa presha yake.

#15 Mleta uzi

Una shangazi au mama mdogo hukohuko? Mtangulize yeye, mwambie ukweli wote kwa simu leo, mwingie pamoja kwa mama, na awe karibu naye utakapoongea. Dawa zake za presha ziwe zimenywewa. Ongea asubuhi, siyo usiku. Ukikwama, njoo PM, nitakupa namba yangu, uniite hata ukiwa ndani ya basi.